Casio fx-991ES Plus kwa statiki na mekanika ya vifaa: inatosha, ila mchoro ni wako

Kwenye makabati ya vioo ya maduka ya stationari katikati ya mji wa Arusha, kuanzia maeneo ya Soko Kuu hadi Barabara ya Sokoine, mwanafunzi wa uhandisi hukutana na kalkuleta zinazofanana kwa nje na kupishana sana kwa bei: fx-82MS, fx-991MS, fx-991ES Plus na fx-991EX. Muuzaji akiulizwa tofauti atajibu "hii ina function nyingi", na jibu hilo halimsaidii mtu anayeanza kusoma boriti, kenchi na shafti.

Kwa masomo mawili, statiki (kani katika vitu vilivyotulia) na mekanika ya vifaa (jinsi mbao, chuma na mata nyingine zinavyobeba mkazo na kubadilika umbo), nunua fx-991ES Plus. Fx-82MS uliyotoka nayo sekondari itakupitisha mitihani kadhaa, lakini haina EQN, modi inayotatua milinganyo kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo kila mfumo wa milinganyo utaukokotoa kwa mkono huku saa inakimbia. Fx-991MS inayo EQN, ila inakuuliza namba mojamoja bila kukuonyesha jedwali zima, na ukikosea alama ya hasi katikati hutaiona. Fx-991EX ni bora kuliko zote nne, na tutasema chini ni nani hasa anayeihitaji. ES Plus haiprogramiwi, na hilo ndilo sharti la kawaida kwenye vyumba vya mitihani. Hata hivyo soma kanuni za idara yako kabla hujatoa hela.

Kazi yake kubwa katika statiki ni EQN. Chukua bango la duka lililoning'inizwa kwenye boriti ya mlalo ya mita 2. Mwisho A umefungwa ukutani kwa pini, mwisho B umeshikwa na waya wa chuma unaopanda hadi ukutani, mita 1.5 juu ya A. Uzito wa bango ni kN 1.2, umbali wa mita 1.2 kutoka A. Visivyojulikana ni vitatu: Ax, Ay na mvuto wa waya T. Milinganyo nayo ni mitatu: jumla ya kani za mlalo, jumla ya kani za wima, jumla ya momenti (kani mara umbali) kuzunguka A.

Bonyeza MODE, 5, 2. Linatokea jedwali la mistari mitatu na safu nne. Jaza hivi, kwa mpangilio wa Ax, Ay, T na upande wa kulia:

1, 0, −0.8, 0
0, 1, 0.6, 1.2
0, 0, 1.2, 1.44

Bonyeza = mpaka majibu yatoke moja moja: Ax kN 0.96, Ay kN 0.48, T kN 1.2. Ikiwa skrini inaonyesha 12/25 badala ya 0.48, kitufe cha S⇔D kinageuza. Ukichoka kukibonyeza kila mara, nenda SHIFT, MODE, chagua LineIO.

Hapa kuna tundu ambalo wengi hutumbukia. Ukiwa kwenye jibu, AC inakurudisha kwenye jedwali ili urekebishe. Ukiwa kwenye jedwali lenyewe, AC inafuta namba zote na kuweka sifuri. Kwa hiyo mtu mwenye haraka anayebonyeza AC mara mbili anaanza upya. Kubadili modi nako kunafuta. Andika milinganyo yako kwenye karatasi kwanza, tena ikiwa imepangwa kwa safu, maana msahihishaji anatoa alama kwa kilichoandikwa na hatakuona ukibonyeza.

Hizo 0.8 na 0.6 zimetoka wapi? Waya una pembetatu ya 1.5, 2 na 2.5. Wengi hutafuta kwanza pembe, wanapata nyuzi 36.87, halafu wanaandika cos(36.87) ndani ya jedwali. Ni sahihi iwapo tu kalkuleta iko kwenye Deg, yaani inasoma pembe kwa nyuzi. Ikiwa imebaki kwenye Rad (radiani) tangu kipindi cha hesabu, T inatoka −0.98. Hilo ni kosa lenye huruma, kwa sababu waya hausukumi, na mwanafunzi makini atashtuka. Kosa lisilo na huruma ni Gra (gradi, 100 kwa pembe mraba). Kwenye Gra T inatoka 1.32, chanya, inayofanana kabisa na jibu, na hakuna kitu cha kukushtua. Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza tazama juu ya skrini: iwe D, isiwe R wala G. Njia salama zaidi ni kuachana na pembe kabisa na kuandika uwiano wa urefu, 2÷2.5 na 1.5÷2.5. Uwiano haujali modi.

Kuna jambo moja ambalo mwongozo wa kalkuleta hausemi, nalo linafaa kufundishwa darasani. EQN ikikujibu Math ERROR ilhali umejaza kila kitu vizuri, huenda mashine haina tatizo. Huenda muundo wako ndio hausimami. Weka boriti juu ya rola tatu, zote zikisukuma wima tu. Mstari wa kani za mlalo unakuwa sifuri, sifuri, sifuri, na kalkuleta inagoma. Ukisukuma boriti ile kwa kidole pembeni itateleza, na hesabu zimeliona hilo kabla yako. Ndivyo inavyokuwa pia kani zote tatu za mategemeo zikikutana kwenye nukta moja: idadi ya milinganyo inatosha, ila hakuna kinachozuia kitu kisizunguke kwenye nukta hiyo. Fx-991EX haisemi Math ERROR tu, inaandika kama hakuna jibu au kama majibu hayana kikomo, na maelezo hayo yana faida yake.

Kinyume chake hakina kengele. Boriti yenye pini moja na rola mbili ina visivyojulikana vinne, milinganyo ya usawa ni mitatu. Kalkuleta haijui. Ukidondosha rola moja "ili itoshe" itakupa majibu safi yasiyo na maana. Mlinganyo wa nne unatoka kwenye mnyooko au kuinama kwa boriti, yaani mekanika ya vifaa, na kuuandika ni kazi yako.

Kwa kenchi, ES Plus inatosha kabisa, kwa kuwa njia ya maungio inaleta visivyojulikana viwili kwa kila ungio na njia ya kukata inaleta vitatu. Kinachoharibu kenchi ni alama. Chora kila kani ikitoka nje ya ungio, yaani chukulia vyote ni mvuto. Jibu likiwa hasi, kipande hicho kinagandamizwa. Usigeuze mshale katikati ya swali kwa sababu "umeshajua" kinagandamizwa. Ukigeuza, kwenye ungio linalofuata utaiingiza hasi mara ya pili.

Mekanika ya vifaa ndiyo inayoonyesha kama kalkuleta ina thamani, na kosa kuu huko ni vizio. Chagua nyutoni na milimita, ukae humo. Faida yake: N/mm² ni MPa moja kwa moja, na kN/m ni N/mm bila kubadilisha kitu. Momenti inadai kazi: kNm 1 ni Nmm 10⁶. Na GPa 1 ni MPa 1000.

Mfano wa mbao ya 2 kwa 6 ya kawaida, tuseme milimita 50 kwa 150, imelala kama boriti huku upande wa 150 ukiwa wima, urefu kati ya mategemeo mita 3, mzigo uliosambaa sawasawa kN 2 kwa mita. Momenti ya pili ya eneo ni 50×150³÷12, yaani mm⁴ 14,062,500. Momenti kubwa katikati ni 2×3²÷8, kNm 2.25. Mkazo ni momenti mara nusu ya kimo, gawanya kwa momenti ya pili ya eneo: 2.25×10⁶×75÷14,062,500, yaani MPa 12. Ilaze mbao hiyohiyo kwa ubapa: mkazo unapanda hadi MPa 36, mara tatu, na kuinama kunaongezeka mara tisa. Fundi yeyote wa kenchi anajua mbao hailazwi. Hapa unaona ni kwa kiasi gani.

Kuinama kwenyewe ni 5wL⁴÷384EI: w ni mzigo kwa urefu, L urefu, I momenti ya pili ya eneo, na E moduli ya Young, yaani ukakamavu wa mata yenyewe, hapa GPa 10. Juu unapata 8.1×10¹⁴, chini 5.4×10¹³, jibu milimita 15. Sasa angalia namna ya kuziingiza. Kwenye ES Plus kuna kitufe cha ×10ˣ. Ukikitumia, 5.4×10¹³ inahesabiwa kama namba moja. Ukiandika kwa mkono alama ya kuzidisha, kisha 10, kisha kipeo, kalkuleta inagawa kwa 5.4 halafu inazidisha kwa 10¹³, na boriti yako inainama milimita 1.5×10²⁷, mbali kupita galaksi ya Andromeda. Kosa kubwa namna hiyo utaliona. Ukifanya vivyo hivyo kwenye namba yenye kipeo cha 3 huenda usilione. Tumia kitufe, au tumia kiolezo cha sehemu ili cha juu kikae juu na cha chini kikae chini.

Kuhusu L⁴: angalia umeingiza 3000 na si 3. Hitilafu ya mara elfu moja kwenye urefu inakuwa mara 10¹² kwenye jibu.

Kwa michoro ya kani za mkato na momenti, TABLE (MODE, 7) ndiyo inayookoa muda. Kwa boriti ile ya mbao kani ya tegemeo ni kN 3, hivyo M = 3X − X². Andika hiyo kama f(X), anza 0, maliza 3, hatua 0.25. Unapata mistari 13, na kwenye X = 1.5 inasoma 2.25, sawasawa na fomula. Mistari isizidi 30. Ikizidi utaletewa Insufficient MEM, na dawa yake ni kuongeza hatua.

Mzigo wa nukta unasumbua, kwa kuwa mlinganyo unabadilika ukishaupita, na kalkuleta hii haijui mabano ya Macaulay, yale yanayobaki sifuri mpaka ufike kwenye mzigo. Yanaweza kutengenezwa kwa Abs, iliyo juu ya kitufe cha hyp. Mahali pa kuandika mabano ya (X−1) andika (X−1+Abs(X−1))÷2. Kabla ya X kufika 1 yote yanakuwa sifuri, baada ya hapo yanakuwa X−1. Boriti ya mita 3 yenye mzigo wa kN 3 mita 1 kutoka kushoto ina kani ya kushoto ya kN 2, hivyo f(X) = 2X − 3×(X−1+Abs(X−1))÷2. Jedwali linapanda hadi kNm 2 kwenye X = 1, kisha linashuka mpaka sifuri kwenye X = 3. Sifuri hiyo ya mwisho ndiyo ukaguzi. Ikiwa mwisho wenye rola hausomi sifuri, kani za mategemeo zimekosewa, na usiendelee kuchora.

Umbo lisilo la mstatili, kwa mfano T, linataka kitovu cha eneo. Wengi hawajui kwamba modi ya STAT inaifanya kazi hii. Washa kwanza safu ya FREQ kwenye ukurasa wa pili wa SETUP, ingia MODE, 3, 1. Safu ya X weka urefu wa kitovu cha kila kipande kutoka chini, FREQ weka eneo lake. Kwa T yenye ubao wa juu 100 kwa 20 na mguu 20 kwa 100: X ni 110 na 50, FREQ ni 2000 na 2000. Wastani unasoma 80, hicho ndicho kitovu. Chukua σx (mchepuko wa kawaida), ambayo ni 30, ipige kipeo cha pili, zidisha kwa n, yaani 4000. Unapata 3.6×10⁶, ambayo ni jumla ya Ad², yaani eneo la kila kipande mara mraba wa umbali wa kitovu chake kutoka kitovu cha umbo zima. Ongeza bh³÷12 ya kila kipande na jumla inakuwa mm⁴ 5.33×10⁶. Usichukue sx. Ile inagawa kwa n−1 na kwa maeneo haina maana. Kuandika huku kwenye mtihani bila kuonyesha jedwali la maeneo ni kujinyima alama, kwa hiyo itumie kama ukaguzi.

Duara la Mohr, mchoro wa kutafuta mikazo mikubwa na midogo kwenye nukta, ni Pol( moja tu. Mkazo wa mlalo MPa 90, wa wima 30, wa mkato 40: kituo ni 60. Nusu ya tofauti ya 90 na 30 ni 30, hivyo ingiza Pol(30,40). Inatoka r = 50 na θ = 53.13. Mikazo mikuu ni 110 na 10, pembe ya uso ni nusu ya θ, nyuzi 26.57. Kalkuleta inahifadhi r ndani ya X na θ ndani ya Y, kwa hiyo 60+X inakupa 110 bila kuandika namba upya, ila thamani uliyokuwa umeweka X imepotea. Sababu ya kupendelea Pol badala ya tan⁻¹ ni robo ya duara. Badilisha mikazo, mlalo 30 na wima 90: Pol(−30,40) inatoa 126.87, nusu yake 63.43, ambao ndio uso wa mkazo mkubwa. Tan⁻¹ ingekupa −26.57, uso wa mkazo mdogo, na ungeuandika kinyume.

Msokoto una mtego mmoja. Shafti ya chuma ya milimita 30, urefu mita 1.2, torki Nm 150, G ya GPa 80. Hapa T ni torki, d kipenyo, L urefu, G moduli ya mkato na J ni πd⁴÷32. Mkazo wa mkato ni 16T÷πd³, yaani MPa 28.3. Pembe ya kujisokota ni TL÷GJ, 0.0283, na hizo ni radiani hata kama skrini inaonyesha D. Zidisha kwa 180÷π upate nyuzi 1.62. Modi ya Deg inahusu sin, cos na ndugu zake. Haibadilishi chochote kinachotoka kwenye fomula ya kawaida.

Nani anunue fx-991EX? Anayeingia fremu na mashine. EX inatatua visivyojulikana vinne na matriksi ya 4 kwa 4, wakati ES Plus inaishia tatu. Ina pia jedwali la spredishiti lenye safu 5 na mistari 45, ambalo kwa vitovu vya maeneo ni raha kuliko ujanja wa STAT. Hata hivyo fremu ya vipande viwili ina visivyojulikana sita, na hata EX haifiki huko. Lazima uchukue momenti kwenye pini ifaayo ili upunguze, na mwenye kujua kufanya hivyo anamaliza kwa ES Plus. Kwa hiyo ikiwa tofauti ya bei inakula nauli ya wiki, baki na ES Plus. Toleo jipya la CW lina vitufe vilivyopangwa upya na menyu ya HOME mahali pa MODE. Si baya, ila maelekezo ya wenzako darasani hayatalingana na mkono wako.

Programu za simu zinafanya haya yote na zaidi. Kasoro yake ni kwamba simu haiingii chumba cha mtihani, na vidole vilivyozoea skrini vitababaika kwenye vitufe siku usiyotaka.

Kwenye kununua, bandia zipo na kwa macho zinadanganya. Usiangalie boksi. Washa dukani, ingiza jedwali la bango lililo hapo juu na tazama kama linatoa 0.96, 0.48 na 1.2. Kisha piga tarakimu zote 1 mpaka 0 kwa mfululizo, polepole halafu kwa kasi: tarakimu ikiruka au ikijirudia, rudisha. Muuzaji anayekukatalia majaribio haya mwachie kalkuleta yake.

Betri ni LR44, ile ya kifungo, mafundi saa wanayo. Kipaneli cha mwanga kinaisaidia, na betri ikifa kalkuleta inaweza kuendelea kuwaka darasani mchana huku ikisahau kila ulichohifadhi ukiizima. Kiangazi, vumbi linaingia chini ya vitufe, hasa = na AC, na kitufe kinachonata kwenye AC ndicho kinachofuta jedwali lako. Kifuniko kikae juu yake muda wote haitumiki.

Ukinunua ya mtumba kutoka kwa mwanafunzi anayemaliza, anza kwa SHIFT, 9, 3, =, kisha AC. Hiyo inarudisha mipangilio ya kiwandani, Deg ikiwemo, na kuondoa Gra au Fix 2 (desimali mbili tu) aliyoiacha mwenyewe. Fix 2 ingeionyesha ile 0.0283 ya shafti kama 0.03.